Jinsi ya kushona pazia la bafuni la kitambaa

Pazia la plastiki likiwa jipya linanuka bafu zima. Miezi michache baadaye pindo la chini limekuwa jeusi na lina utelezi, unasugua kwa brashi, na wiki inayofuata ukungu umerudi. Tundu moja la juu likichanika, unatupa pazia zima. Mifuko ya plastiki tuliiacha tangu Juni 2019, lakini bafuni plastiki bado inaning'inia. Mimi nashona mapazia hapa Dar es Salaam, na la bafuni kwangu ni la pamba, sasa linaingia mwaka wa nne.

Kila mteja ananiuliza: maji hayatapenya? Pazia litalowa, ndiyo. Lakini pamba iliyofumwa kwa kubana, nyuzi zake zikinywa maji zinavimba na kuziba nafasi zilizo kati yake, kwa hiyo maji mengi yanateremka juu ya kitambaa mpaka sakafuni. Na bafu zetu nyingi zina vigae vyenye mteremko kuelekea kwenye tundu la maji machafu, kwa hiyo matone machache upande wa pili hayana madhara. Kinachoharibu pazia la kitambaa ni kukaa bichi. Ukiona nasisitiza jambo hapa chini, sababu ni hiyo.

Hatua ya 1: Kitambaa

Nunua dirili ya pamba tupu, ile ya sare na ovaroli, yenye upana wa sentimita 150 ili usiunge. Chukua nyeupe au rangi ya maziwa. Ukiwa dukani, kikunje mara moja, weka mdomo na upulize. Hewa ikipita kirahisi, kirudishe. Kisha kiinue kwenye mwanga. Ukiona vitundu vidogo kama chujio, maji nayo yataviona.

Khanga inavutia, najua, ila ni nyepesi: ikilowa inakuganda mwilini, na nyingine zinachuja rangi. Marekani nayo, kile kitambaa kilichopata jina kwa wafanyabiashara wa Kimarekani waliokileta Unguja karne ya 19, kikiwa peke yake hakina uzito wa kutosha. Poliesta inakauka upesi kuliko vyote, lakini poliesta ni plastiki iliyofumwa, na sisi tunaikimbia plastiki. Wako wanaopaka nta ya nyuki. Sikushauri: pazia lenye nta huwezi kulifua kwa maji ya moto, na kufua ndiyo raha yake yote.

Hatua ya 2: Vipimo

Pima kutoka bomba la pazia hadi sakafuni. Kwangu ni sentimita 205. Toa 4 za kulabu, toa 6 za chini ili pazia lisiburute kwenye maji ya sabuni. Zinabaki 195, huo ndio urefu wa pazia likishaisha. Ongeza 8 za pindo la juu na 3 za chini: utakata 206. Nunua yadi mbili na nusu, yaani kama sentimita 228, kwa sababu pamba itarudi, yaani itapungua, ikifuliwa.

Upana wa pazia uzidi nafasi unayoziba kwa robo hivi. Bafu langu lina nafasi ya sentimita 115, na kitambaa cha 150 kinatosha.

Hatua ya 3: Fua kabla ya kukata

Hapa usifanye haraka. Loweka kitambaa kwenye maji ya moto usiku mzima, kifue, kianike, kipige pasi kikiwa na unyevu kidogo. Changu kilirudi mpaka sentimita 217 kwa 147. Ningekata kwanza, pazia lingekuwa fupi kwa sentimita kumi hivi baada ya kufuliwa.

Hatua ya 4: Kukata

Usiamini ukingo uliokatwa dukani. Chana kidogo pembeni, shika uzi mmoja wa kukata upana, uuvute polepole huku kitambaa kikijikunja mbele ya vidole. Unapochomoka unaacha mstari mwembamba kama ufa. Kata juu ya mstari huo, kisha pima 206 na ufanye vilevile upande wa pili. Kipande cha sentimita 11 kinachobaki kiweke, tutakitumia juu.

Hatua ya 5: Mapindo

Sindano namba 16, uzi wa poliesta, mshono mrefu kidogo, kama milimita 3. Uzi ni mahali pekee ninapokubali poliesta, maana uzi wa pamba unaoza mapema kwenye unyevu.

Anza na pembeni: pinda sentimita 1.5, pinda tena 1.5, pasi, shona. Upana utabaki 141. Chini pinda vivyo hivyo. Pazia langu la kwanza nililipa pindo la chini la sentimita 5, mara mbili, nikidhani uzito utalituliza. Lilipendeza, lakini zile tabaka tatu nene hazikukauka, na madoa meusi yalianzia humo humo. Pindo jembamba linakauka pamoja na pazia.

Juu pinda 1, halafu 7. Kile kipande kilichobaki kikate upana wa sentimita 7 na urefu wa 141, kiingize ndani ya pindo kabla ya kushona. Ndicho kitakachobeba uzito wa pazia lililolowa.

Hatua ya 6: Matundu

Matundu 10. La kwanza sentimita 3 kutoka ukingoni, yanayofuata kila baada ya 15, na la mwisho litaangukia sentimita 3 kutoka ukingo wa pili. Mimi nashona matundu ya vifungo kwa mkono, wima, sentimita 1.5, yakianzia sentimita 2 chini ya ukingo wa juu. Ringi za chuma zinashika kutu, na kutu kwenye kitambaa cheupe haitoki kirahisi. Zungushia mshono kwanza, chana katikati baadaye.

Matunzo

Ukimaliza kuoga livute lote litandazike, wala usilikusanye pembeni. Fungua dirisha. Kila wiki mbili fua, anika juani. Doa la ukungu likitokea, paka limau na chumvi, acha jua lifanye kazi. Jiki tumia kidogo na mara chache, na kamwe usiichanganye na limau wala siki, mvuke wake ni sumu. Wakati wa masika nguo hazikauki siku moja, kwa hiyo shona mawili upokezane.

Pindo la chini likichakaa, likate, pinda upya. Utapoteza sentimita chache tu.