Dawa ya magugu inayounguza ilipogusa: namna ya kuipulizia

Zipo dawa za magugu zinazosafiri ndani ya mmea hadi mizizini, na zipo zinazounguza pale zilipogusa tu. Hapa nazungumzia hizi za pili, tena zile zinazochagua, yaani zinaua gugu na kuliacha zao. Mifano ni bentazoni kwenye maharage, soya na mpunga, na propanili kwenye mpunga.

1. Jua unaua nini. Bentazoni hushika magugu ya majani mapana na baadhi ya ndago, nyasi haizitishi. Zao hupona kwa sababu lina uwezo wa kuivunja sumu ndani yake. Zao lisilotajwa kwenye kibandiko cha chupa huenda halina uwezo huo, kwa hiyo usibahatishe.

2. Wahi. Gugu likiwa na majani mawili hadi manne ndio wakati wake. Mimi niliwahi kuchelewa wiki mbili. Shamba likawa kahawia, nikatamba. Baada ya siku chache machipukizi yakatoka kwenye macho ya chini, kijani kibichi kabisa. Dawa haikuwa na kosa, haikufika kule.

3. Pima mwendo wako. Watu wengi huiruka hatua hii, na ndiyo inayoamua kila kitu. Pima kipande cha mita 10 kwa 10. Weka maji matupu kwenye bomba la kupulizia, pulizia kipande hicho kwa mwendo wako wa kawaida, kisha angalia maji yaliyotumika. Yakiwa lita 2.5, basi hekta nzima itakula lita 250, na bomba la lita 20 litatosha mita za mraba 800. Kibandiko kikisema lita 2 za dawa kwa hekta, kila bomba linahitaji mililita 160. Vifuniko vya chupa si kipimo.

4. Changanya. Vaa glovu, miwani, buti na nguo za mikono mirefu kabla ya kufungua chupa. Jaza maji safi nusu ya bomba, mimina dawa, koroga, ongeza maji. Chupa ikiisha, isuuze mara tatu na maji hayo yaingie kwenye bomba, kisha itoboe isije ikachotewa maji ya kunywa.

5. Pulizia. Subiri umande ukauke na upepo utulie. Bentazoni huvuruga namna jani linavyotumia mwanga, hivyo siku ya jua huifanyia kazi vizuri kuliko ya mawingu. Tumia nozeli (ncha ya kutolea dawa) bapa, si ya mchirizi mmoja, na hakikisha majani yamelowa bila kuchuruzika. Kwenye mpunga, toa maji kwanza: gugu lililozama halitaguswa. Mvua ikinukia, ahirisha; saa za kusubiri zimeandikwa kwenye kibandiko.

6. Tahadhari ya propanili. Usiipulizie karibu na siku ulizotumia viuadudu vya oganofosfati au kabamati. Viuadudu hivyo huzuia kimeng'enya ambacho mpunga hutumia kuivunja propanili, na mpunga wenyewe huungua.

7. Kagua. Osha bomba mbali na kisima na mto. Baada ya wiki moja pita shambani. Mistari ya magugu yaliyobaki kijani ndiko ulikopita mbio. Hayo yang'oe kwa jembe.