Anayelisha Samaki Ashike Pia Daftari

Katika kaya nyingi za Nyanda za Juu Kusini zenye bwawa la samaki, baba husimamia uchimbaji na mama hubeba pumba kila siku. Lakini siku ya kuvuna inapofika, bei hupangwa na mtu asiyejua samaki walikula kiasi gani. Tunashauri kaya zibadili utaratibu huo, kwa kuwa anayelisha ndiye wa kwanza kuona bwawa linapoharibika.

Perege hukua vizuri maji yakiwa na nyuzijoto 25 hadi 30, na maji yanaposhuka chini ya 20 hula kwa uvivu. Kwa hiyo Mufindi, Makete na Njombe kwenye baridi hazifanani na Kyela au Usangu kwenye joto, na wafugaji wa maeneo ya baridi wapandikize vifaranga Septemba au Oktoba ili wavune kabla ya baridi ya Juni. Pia wasiwalishe samaki alfajiri, maana wakati huo maji ni ya baridi na hewa ndani yake ni haba. Saa nne asubuhi na saa tisa alasiri zinafaa zaidi, na kwa bahati njema mama aliyedamkia shambani huwa ameanza kurudi nyumbani saa hizo za asubuhi.

Tuchukue bwawa la mita 10 kwa 15, lenye vifaranga 300, yaani wawili kwa kila mita ya mraba. Wakifikia wastani wa gramu 50, uzito wao wote ni kilo 15, na chakula cha siku kwa asilimia 3 ya uzito huo ni gramu 450. Pima kiasi hicho mara moja kwenye mizani ya dukani, kitie kwenye kopo, kisha weka alama ya msumari pale kinapoishia. Kuanzia hapo kopo ndilo mizani yako, mpaka samaki watakapopimwa tena mwezi unaofuata. Pumba za mahindi zichanganywe na mashudu ya alizeti, ambayo Iringa na Mbeya hayasumbui kupatikana, pamoja na dagaa waliosagwa. Mwaga mahali pale pale kila siku, usimame utazame. Wakichelewa kuja, punguza, kwa sababu chakula kinachobaki huoza na kula hewa ya maji. Ukiwakuta asubuhi wanahema juu ya maji, acha kutia chakula na samadi ya kurutubisha bwawa siku hiyo, uongeze maji mapya.

Yote haya yaandikwe katika daftari la mama mwenyewe: tarehe, makopo, samaki waliokufa, walioliwa nyumbani, waliouzwa na bei. Daftari la namna hiyo ni ushahidi wa kazi yake anapozungumza na mume wake juu ya mapato, na humsaidia kikundi chake kinapoomba mkopo wa halmashauri, ambako asilimia 4 ya mapato ya ndani hutengwa kwa vikundi vya wanawake.

Mabwawa mengi huchimbwa bondeni, kando ya vinyungu (bustani za bondeni) ambavyo akina mama wamelima mboga kwa miaka mingi, na hapo ndipo tunapoona dhuluma ikianza, kwa sababu kinyungu kikishageuka bwawa huhesabiwa kuwa mali ya baba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, na hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina ya mume na mke. Jambo hilo liamuliwe kabla jembe halijagusa udongo, pamoja na kibali cha maji kutoka ofisi ya bodi ya maji ya bonde.

Wakati wa kuchimba, fundi aweke bomba la kutolea maji lenye kiwiko upande wa chini, ili mama aweze kulilaza na kupunguza maji bila kungoja wanaume wabomoe tuta. Maji hayo yaelekezwe kwenye kinyungu kilichobaki, kwa kuwa yana mbolea, na kabeji huyapenda.