Jinsi ya kuifanya ESP32 iandike sababu ya kujizima

Nimeandika haya baada ya kumsaidia kijana mmoja wa Likoni. Kifaa chake cha kupima baridi ya friza za samaki kilikuwa kikizima na kuwaka tena usiku, na kila fundi alikuwa na lake: stima, joto, chumvi ya bahari. Chipu iliyomo ndani yake, ESP32 (kompyuta ndogo yenye WiFi), yenyewe huwa inajua. Kazi ni kuiuliza kabla haijasahau.

Hatua ya 1. Arduino IDE (programu ya kuandika na kupakia msimbo kutoka kwenye kompyuta) na bodi za ESP32 ziwe tayari.

Hatua ya 2. Miwili ya kwanza iweke juu kabisa ya programu; iliyo ndani ya setup(), sehemu inayoendeshwa mara moja kifaa kinapowaka, iwe mwanzoni kabisa mwake, kabla ya kuwasha WiFi au modemu:

```
#include <Preferences.h>
Preferences daftari;

void setup() {
  int sababu = (int)esp_reset_reason();
  daftari.begin("zima", false);
  uint32_t n = daftari.getUInt("idadi", 0) + 1;
  daftari.putUInt("idadi", n);
  String nafasi = "s" + String(n % 20);
  daftari.putUChar(nafasi.c_str(), sababu);
```

Chipu hukumbuka sababu ya mwisho tu, ndiyo maana tunatunza 20 kwa mzunguko. Usiandike ndani ya loop(), sehemu inayojirudia bila kukoma, maana flashi (kumbukumbu ya kudumu ya chipu) huchakaa. Kadi ya SD mimi siitaki kabisa: stima ikikatika inapoandika, faili huweza kuharibika, na kwa hewa yetu ya pwani soketi yake haikawii kushika kutu.

Hatua ya 3. Soma matokeo bila kuchomeka laptopu. Hapa ndipo watu wanapokesha.

Bodi nyingi za ESP32 zina saketi inayovuta pini ya EN (ya kuwasha upya chipu) kupitia USB ili upakiaji wa programu uwe rahisi. Ukifungua dirisha la siriali (pale Arduino IDE inapoonyesha maandishi ya bodi), mara nyingi bodi inawaka upya papo hapo. Kwenye ESP32 ya kawaida, kuwashwa upya kwa pini ya EN husomeka kama 1, sawasawa na stima iliyokatika na kurudi. Kwa hiyo unafungua dirisha, unaona 1, unalaumu stima, kumbe umeiwasha upya wewe mwenyewe.

Kuna la pili, baya zaidi. Ule waya wa USB unaleta 5 V safi kutoka kwenye laptopu. Kama shida ilikuwa chaja dhaifu, ukichomeka tu shida inapotea. Unakaa nayo mchana kutwa, haizimi. Ukiirudisha kwenye friza, usiku inaanza tena.

Basi acha kifaa kijitumie habari chenyewe. Mtandao ukishapatikana, tuma n (idadi ya mara kilizowaka) na sababu kwa njia ileile unayotumia kutuma vipimo vya baridi. Saa iwekwe na seva, maana kifaa kikiwaka hakijui ni saa ngapi. n ikiruka, tuseme kutoka 41 hadi 44, ujue kilizima mara mbili kabla hata ya kufika mtandaoni. Hapo ndipo zile nafasi 20 zinapokufaa, zitume pia.

Hatua ya 4. Maana ya namba za sababu:

4: programu imeanguka.
5, 6, 7: programu imekwama, kipima muda cha ulinzi kikaiwasha upya.
9: volti imeshuka mno.
1: umeme ulikatika kabisa, au EN imeguswa.

Ukiona 9 na una SIM800L (modemu ya laini ya simu), usiguse msimbo. Moduli hiyo inaweza kuvuta hadi 2 A kwa kishindo inapotafuta mnara. Ipe umeme wake peke yake, kati ya 3.4 na 4.4 V, na kapasita ya 1000 µF karibu na pini zake.

1 ndiyo ngumu, kwa sababu volti ikianguka ghafla hadi chini kabisa hutaiona 9. Weka pawabenki badala ya chaja kwa usiku mmoja. 1 zikikoma, shida ilikuwa stima au chaja. Zikiendelea, kagua waya na viungio. Angalia tu kwamba pawabenki nyingine hujizima zenyewe mzigo ukiwa mdogo, nayo hiyo pia itaandikwa 1.