Wacha mwili utetemeke, usijikaze

Mat nilikuwa nimepanda iligongwa kwa Thika Road mwaka jana, hakuna mtu aliumia sana, lakini vile nilishuka magoti yalikuwa yanatetemeka hadi nikashindwa kusimama, na mama mmoja pale kando akaniambia jikaze, na mi nikajikaza kweli. Nikafika nyumbani nikapika, asubuhi nikaenda kazi kama kawaida. Miezi tatu baadaye bado naamka meno yameumana, shingo imekauka, na dere akifunga breki ghafla nashika kiti ya mbele kwa mikono yote mbili.

Saa hizi naamini ile kutetemeka ndio ilikuwa mwili unajaribu kujitoa kwa hiyo hofu, na mi nikaukataza. Ukishtuka adrenalini inapanda, misuli inakazwa tayari kupigana ama kukimbia, sasa kama hukupigana na hukukimbia, mi naona ni kama ile nguvu yote unabaki nayo. Kuna Mmarekani anaitwa David Berceli, alifanya kazi miaka mingi kwa nchi za vita huko Mashariki ya Kati na Afrika, yeye ndiye alitengeneza mazoezi inaitwa TRE (Tension and Trauma Releasing Exercises), ya kuamsha huko kutetemeka makusudi. Utafiti wake bado ni mdogo, kwa hivyo usiache dawa wala kaunseling juu ya hii, lakini mi imenisaidia kulala, na haitaki gym wala pesa.

Tafuta ukuta na mkeka. Egemea ukuta kwa mgongo, shuka polepole hadi ukae kama uko kwa kiti na hakuna kiti, ukae hapo hadi mapaja yaanze kuchoma. Yakichoma usivumilie, panda juu kidogo tu, kama vidole vinne hivi, ukae tena, yakichoma panda tena. Dakika tatu ama nne zinatosha. Hapa ndio watu hukosea, wanafikiria ni mashindano, na tunataka tu miguu ichoke.

Sasa lala chali. Unganisha nyayo, magoti yafunguke pande zote mbili kama kipepeo, inua kiuno kidogo kama dakika moja halafu ushushe, upumzike. Kutoka hapo anza kufunga magoti pole pole, sentimita chache, unangoja kama dakika mbili, unafunga tena kidogo. Mahali fulani katikati mapaja yataanza kucheza yenyewe. Yangu ilianza goti la kushoto peke yake, kidogo sana kama simu iko kwa vibration, halafu ikapanda hadi kiunoni. Kuna msuli mrefu ndani unaitwa soasi, unatoka uti wa mgongo wa chini unapita kwa nyonga hadi juu ya mfupa wa paja, ndio ule unakukunja ukishtuka, na ndio tunataka uachilie. Usiulazimishe na usiuzuie, pumua tu, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia.

Ukitaka isimame nyoosha miguu, itaisha. Hii ujue kabla hujaanza kabisa, juu inakupa amani kwamba ni wewe unashika usukani. Mwanzo dakika kumi hadi kumi na tano zinatosha, mara mbili ama tatu kwa wiki. Machozi yakikuja wacha yatoke. Lakini ukianza kuona kama hauko hapo, ama picha za kile kilitendeka zinarudi kwa nguvu, simama, fungua macho, kanyaga sakafu baridi, taja vitu tano unaona kwa hiyo nyumba.

Kama uko na mimba, kifafa, ama umefanyiwa upasuaji juzi, ongea na daktari kwanza. Na wewe umepitia mambo mazito kabisa, kubakwa, kupigwa risasi kwa maandamano, kuzika mtoto, tafadhali usianze peke yako usiku, tafuta mtu amesomea hiyo kazi akae na wewe. Kenya Red Cross wako na laini ya bure 1199, unapiga unaongea na kaunsela.

Ukimaliza usiamke mbio, lala kwa upande dakika tano, kunywa maji. Na uambie watu mnaishi nao mapema, sista yangu aliniingilia siku ya pili akadhani nimeshikwa na kifafa, akaanza kuita majirani akilia. Siku hizi yeye ndiye hukaa mlangoni na simu akiniangalizia dakika.