Somo: Pasaka nyumbani na wajukuu na ukoo mzima (naandika mara moja tu)

Kila Kwaresima ikikaribia kuisha simu yangu inajaa swali lile lile, bibi unawezaje kukaa na watu ishirini na kitu nyumba moja, kumi na moja watoto, na bado unacheka. Haya someni. Nikiulizwa tena naweka linki.

1. Tarehe. Kwa hesabu ya kanisa ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kuanzia Machi 21, kwa hiyo inacheza kati ya Machi 22 na Aprili 25. 2027 ni Machi 28. Tangazeni mapema.

2. Kila kaya ije na chungu chake. Mwenye nyumba hapiki kila kitu.

3. Amueni mkesha au ibada ya asubuhi. Wadogo mkesha wanaumalizia mabegani mwa watu.

4. Mayai. Hapa ndo niliumbuka. Chemsha Jumamosi dakika 10 mpaka 12, yapoe, friji. Rangi ni maji ya moto, kijiko cha siki na rangi ya chakula, au chemsha maganda ya vitunguu upate wekundu wa udongo. Sasa mwaka ule nikajifanya mjanja nikayaficha usiku ili asubuhi nipumzike, na sikuyahesabu. Asubuhi wale wakubwa wakazoa yote, wadogo wanalia na vikapu vitupu, na mengine yakaliwa wakati yamelala nje usiku kucha, Mungu alitusitiri tu. Wiki mbili baadaye sebule inanuka, tukasaka panya, tukalaumu bomba, kumbe yai nyuma ya kochi. Kwa hiyo: HESABU. Andika kwenye karatasi kila ulipoficha. Yai lililochemshwa lisikae nje ya friji zaidi ya masaa mawili, likizidi tupa, usilionee huruma yai. Na kila mtoto apewe rangi yake, anaokota ya rangi yake tu, za wadogo ziwe chini wanapofikia, za wakubwa wazitafute mpaka watoe jasho.

5. Picha kabla ya chakula. Nguo nyeupe mnazijua wenyewe.

6. Watoto wale kwanza, ndo wakubwa mtaongea.

MASWALI

Mama Mapacha: Shikamoo bibi. Naweza kuyaficha usiku nisihangaike asubuhi?
– Marahaba. Namba 4.

Mama Mapacha: Nimepitia harakaharaka, yanachemshwa dakika ngapi?
– Namba 4 mama. Macho unayo.

Mlinzi wa Zamu: Mayai ni upagani, mnawapotosha watoto.
– Zamani mayai yalikatazwa wakati wa mfungo, kuku hawakuacha kutaga, yakarundikana, Pasaka ikifika yanaliwa. Waorthodoksi wanayapaka nyekundu kukumbuka damu ya Kristo. Hutaki mayai ficha biskuti, wajukuu wangu niachie.

Babu Mpya: Mkwe wangu ni Mwothodoksi, Pasaka yao inakuja siku nyingine, mjukuu kaniuliza kwanini nikabaki namtazama tu.
– Swali zuri babu. Wao wanaihesabu kwa kalenda ya kale ya Julius Caesar ambayo sasa iko nyuma ya yetu siku 13, na mwezi mpevu wanauhesabu kivyao. Miaka mingine tunakutana, 2025 wote ilikuwa Aprili 20, ila 2026 sisi Aprili 5 wao Aprili 12. Mwonyeshe mtoto kalenda ya ukutani, muwekee duara siku zote mbili. Na mwende kwao kweli, msiwaalike wao tu kila mwaka, hapo ndo wakwe wengi wananuna kimyakimya.

Shangazi wa Mwisho: Yangu hayamenyeki, yanatoka na nyama yote.
– Mapya mno. Nunua wiki moja kabla.

Fundi Rangi: Niongezee, rangi ikikauka pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo ya kupikia, yanang'aa balaa.
– Asante mwanangu, hiyo nilikuwa siijui, naiiba.

Mama Mapacha: Pipi ngumu kwenye kapu la wa miaka 2 sawa?
– Hapana. Wala karanga nzima, zinakaba. Hili umefanya vizuri kuuliza.

Shangazi wa Mwisho: Bibi lile kochi mlilitupa?
– Nimelikalia naandika.