Namna ya Kuwafundisha Watu wa Nyumbani Kucheza Omweso

Wengi wa wale waliokata tamaa na omweso, mchezo wa Waganda wa ubao wa mashimo na kete, hawakushindwa na mchezo wenyewe, bali na namna walivyofundishwa. Mwenyeji aliwamiminia kanuni zote kwa mkupuo mmoja, kisha akaanza kucheza kwa kasi yake ya kila siku, na mgeni akabaki kutazama kete zikizunguka bila kujua zinakwenda wapi wala kwa nini zimesimama. Mimi huufundisha mchezo huu katika nyumba za majirani na kwa vijana wa mtaa wetu hapa Bombo, Uganda, na njia ninayoifuata haina siri: kanuni moja kwa wakati mmoja, kila kanuni na mchezo wake mfupi, na mkono unaogusa kete uwe ni wa yule anayejifunza. Kwa utaratibu huo jaja, yaani babu au bibi, na mjukuu wake wanaweza kuketi kwenye ubao mmoja alasiri ya Jumapili, na wote wawili wakaondoka wakiwa na hamu ya kurudi.

Hatua ya kwanza: pata ubao na kete

Ubao wa omweso una mashimo 32, yaliyopangwa katika safu nne za mashimo manane, na kete zake ni 64. Kete za asili ni mbegu nyeusi ambazo Waganda huziita empiki, nazo ni nzuri mno kwa mkono kwa sababu ni ngumu, laini na zinatelezea vizuri kwenye shimo. Ubao wa mti uliochongwa unafaa kwa nyumba yoyote na hudumu miaka mingi, lakini usiahirishe kujifunza kwa kuwa huna. Chukua trei mbili za karatasi, zile za mayai 30. Kila trei ina safu sita kwa tano, kwa hiyo kata kipande cha mashimo manne kwa manne kutoka kila moja, uviunganishe ubavu kwa ubavu kwa gundi au uzi, nawe utakuwa na ubao kamili. Kwa kete tumia maharage makubwa au kokoto za ukubwa mmoja. Punje za mahindi ni nyepesi na huruka mtoto anapozidondosha kwa haraka, hivyo mimi siziweki mbele ya wanaoanza.

Ubao wa trei una faida moja ambayo ubao wa mti hauna, nayo ni kwamba unaweza kuuandika. Kila mchezaji anamiliki safu mbili zilizo upande wake, yaani mashimo 16. Andika namba 1 hadi 8 kwenye safu iliyo karibu na kifua chake, ukianzia kushoto kwake kwenda kulia. Kisha andika 9 hadi 16 kwenye safu ya mbele, ukianzia kulia kurudi kushoto, ili 9 iwe mbele ya 8, na 16 iwe mbele ya 1. Fanya vivyo hivyo upande wa pili, kwa mtazamo wa aliyeketi huko. Namba hizi ndizo njia ya kete: kete husafiri kutoka 1 hadi 16 kisha hurudi 1, kinyume na mwendo wa mishale ya saa, na katika mwendo wa kawaida hazivuki kwenda upande wa mwenzako.

Hatua ya pili: sambaza bila kula

Weka kete nne katika kila shimo la safu ya nyuma, yaani mashimo ya 1 hadi 8, kwa pande zote mbili. Mpangilio huu husaidia pia kuhakikisha kwamba kila mmoja ana kete zake 32 kabla mchezo haujaanza.

Mweleze mwanafunzi mambo matatu tu. Kwanza, anachagua shimo lake lolote lenye kete mbili au zaidi, anazichota zote na kuzidondosha moja moja katika mashimo yanayofuata. Pili, kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, amelala, na zamu inakwenda kwa mwenzake. Tatu, kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, anazichota zote, pamoja na ile aliyoiweka sasa hivi, na kuendelea kusambaza kutoka hapo mpaka alale. Shimo lenye kete moja peke yake halichezwi.

Sasa mwache afanye kwa mkono wake. Akianza na shimo la 5, kete zake nne zinaingia 6, 7, 8 na 9; shimo la 9 ni tupu, basi amelala. Akianza na shimo la 1, kete zinaingia 2, 3, 4 na 5. Shimo la 5 lilikuwa na nne na sasa lina tano, anazichota, anaziweka 6, 7, 8, 9 na 10, na hapo kwenye 10 ndipo analala. Mwulize kabla hajagusa chochote: ukianza na shimo la 4 utalalia wapi? Mpe muda. Kete zinaishia shimo la 8, anachota tano, na safari inakoma shimo la 13. Akilitamka jibu hilo kabla ya kusogeza kete, ameshapata nusu ya omweso, kwa maana mchezo huu wote umejengwa juu ya kuona kwa akili mahali ambapo mkono utafika.

Msipite hatua hii kwa haraka. Chezeni zamu nyingi bila kula chochote, hasa kwa watoto, ambao mara nyingi hudondosha kete mbili katika shimo moja au huruka pembe wanapotoka shimo la 8 kwenda 9. Hesabu ikiharibika, rudisheni zamu hiyo mwanzo kwa utulivu.

Hatua ya tatu: kula

Hapa ndipo omweso unapokuwa omweso, na hapa ndipo walimu wengi huharakisha kuliko inavyostahili. Kete huliwa pale tu ambapo masharti matatu yametimia kwa pamoja: kete yako ya mwisho imeangukia safu yako ya mbele, shimo hilo lilikuwa na kete tangu kabla, na mashimo yote mawili ya mwenzako yaliyo mkabala nalo, la mbele na la nyuma, yana kete. Yakitimia hayo unachukua kete za mashimo yote mawili, unarudi pale ulikoanzia mzunguko uliokupa mlo huo, yaani shimo ulilochota kete zake mara ya mwisho, na kuzisambaza kutoka hapo kwenda mbele. Zikifika mahali pa kula tena, unakula tena.

Nionyeshe kwa mfano mmoja, kwa sababu mfano huu hufungua macho ya wengi. Una kete tatu katika shimo la 10. Unazisambaza 11, 12 na 13. Kama shimo la 13 lilikuwa tupu, umelala. Kama lilikuwa na kete, tazama upande wa pili wa ubao: ikiwa shimo la mbele la mwenzako lina kete mbili na la nyuma yake lina nne, umekula sita. Lakini likiwa tupu mojawapo ya hayo mawili, huli hata moja, hata kama lile jingine limejaa kete kumi. Unachota tu zako za shimo la 13 na kuendelea na safari.

Kutokana na kanuni hiyo hujitokeza ulinzi wote wa mchezo. Kete zilizo safu ya nyuma ziko salama maadamu shimo la mbele yake ni tupu, na mchezaji mzuri ni yule ambaye kila baada ya zamu yake anahesabu ni jozi ngapi za mashimo ameziacha wazi. Nina jirani mzee ambaye, kabla ya kucheza, hupitisha kidole hewani juu ya safu zake mbili, jozi moja baada ya nyingine, bila kugusa kete, kisha hukisimamisha juu ya jozi inayomtia wasiwasi. Nimewafundisha watoto kufanya hivyo hivyo, na huacha kupoteza kete nyingi ndani ya muda mfupi.

Msomaji aliyezoea bao la Kiswahili azingatie tofauti hapa. Katika bao kete nyingine huwa bado mkononi mchezo unapoanza, na unapokula unachukua za shimo la mbele tu, ukazisambaze kuanzia upande wa kichwa, yaani shimo la ncha ya safu ya mbele. Katika omweso kete zote 64 ziko ubaoni tangu mwanzo, na mlo ni wa mashimo mawili. Fundi wa bao hujifunza omweso upesi, ila mkono wake utataka kukimbilia kichwani kila anapokula.

Hatua ya nne: kurudi nyuma

Kanuni hii iongezwe siku nyingine. Kutoka mashimo manne ya mwisho ya kushoto, yaani 1, 2, 15 na 16, mchezaji anaruhusiwa kusambaza kwa kurudi nyuma, kwa sharti kwamba safari hiyo inampa mlo moja kwa moja. Ukiwa na kete tatu katika shimo la 2, zinarudi 1, 16 na 15. Kama 15 lilikuwa na kete, na mwenzako ana kete katika mashimo yote mawili ya mkabala, umekula. Wanaoanza hulisahau jambo hili wanapojilinda, kwa hiyo wakumbushe kwamba pembe ya kushoto ya adui hupiga pande mbili.

Hatua ya tano: kumaliza

Anayeshindwa ni yule ambaye zamu yake imefika na hana shimo hata moja lenye kete mbili. Upo pia ushindi unaoitwa emitwe ebiri, ambapo katika zamu moja mchezaji anakula kete za mwenzake kwenye ncha zote mbili za ubao, kushoto na kulia. Mchezo huisha papo hapo, na walio karibu husimama kutazama. Wakati mwingine zamu huzunguka na kuzunguka bila kulala. Kubalianeni kabla ya kuanza kwamba ikitokea hivyo mchezo huo utafutwa na kuanzwa upya, ili pasitokee ubishi.

Adabu za ubao

Anayefundisha asiguse kete za anayejifunza. Kila mara unaponyoosha mkono ukamsogezea, umemnyang'anya fursa ya kuhesabu, na kwa mtu mzima unaweza kumvunjia heshima mbele ya watoto wake. Sema, "Mzee, hebu tazama tena shimo la 13," kisha nyamaza.

Vilevile mwache mtoto aliyejifunza jana amfundishe aliyekuja leo. Phiona Mutesi wa Katwe, aliyekuja kuiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji, alionyeshwa mienendo ya kete kwa mara ya kwanza na mtoto mdogo kuliko yeye, katika mradi wa mwalimu Robert Katende. Mtoto hufundisha kwa maneno machache na haoni aibu kurudia, na ninaamini hilo linafaa kwa omweso kama lilivyofaa kwa sataranji.

Omweso ni wa watu wawili, na nyumba huwa na watu wengi zaidi. Wageni wakiwa wanne, ludo inafaa kuwa mlango, kwa kuwa dadu humpa kila mmoja nafasi na hakuna asiyeijua, kuanzia stendi za boda boda hadi saluni. Mchezo mmoja wa ludo ukiisha, toeni ubao wa omweso na mcheze wawili kwa wawili, wenzi wakishauriana kwa sauti kabla ya kila zamu. Mazungumzo hayo humfundisha mgeni kuliko maelezo yangu yoyote.

Hatua ya sita: kupanga kete upendavyo

Mchezo kamili hauanzi na nne nne. Baada ya kuhakikisha hesabu, mchezaji wa kwanza anazipanga kete zake 32 atakavyo katika mashimo yake 16, kisha mwenzake, akiwa ameshauona mpangilio huo, anazipanga zake. Kwa majaribio ya kwanza shauri kwamba pasiwe na jozi hata moja yenye kete mbele na nyuma, isipokuwa mahali ambapo anayepanga ana sababu ya kueleza. Msirundike kete 16 katika shimo moja bila kufikiri: zikisambazwa kwa njia ya kawaida zinazunguka mashimo yote na ya mwisho inarudi katika shimo lile lile, ambalo sasa ni tupu, na zamu inalala hapo. Kete 17 zinavuka shimo moja zaidi, na shimo hilo limekwisha kuwekewa kete mwanzoni mwa mzunguko, kwa hiyo safari inaendelea. Wape wanafunzi wako rundo hizo mbili, 16 na 17, wazijaribu wenyewe ubaoni, kisha waachie ubao.