Dar hadi Bondwa: panga saa ya kugeuka kabla hujapanga chakula

Sisi watu wa Dar tunapima hali ya hewa ya nchi nzima kwa jasho la Kariakoo. Mtu anaona jua linachoma Ubungo, anaondoka kwenda kupanda Bondwa, kilele cha milima ya Uluguru juu ya mji wa Morogoro, na fulana ya pamba na chupa ndogo ya maji. Mimi nilikuwa mtu huyo. Siku hizi naenda hivi.

1. Anzia Pugu

Miguu ya Dar imezoea tambarare. Wiki nne kabla ya safari, panda daladala hadi Gongo la Mboto, unganisha ya Kisarawe, ushukie kwenye vilima vya Pugu. Ni vifupi, lakini vimefuatana: unapanda kimoja, unashuka, unakutana na kingine. Beba lita 4 za maji mgongoni na ujali zaidi kushuka, maana goti hulia kwenye kushuka.

2. Begi

Nguo ya pamba ikilowa inachelewa kukauka, inakunyonya joto. Nenda Karume kwenye mitumba, tafuta sweta la sufu na koti jepesi lisilopitisha maji. Wauzaji hawahangaiki nayo sana, nani anavaa sufu Dar? Kwa hiyo bei inashuka.

Usiamini begi linalosemwa halivuji. Muombe mwenye duka ile nailoni ya ndani ya gunia la sukari, itandike ndani ya begi, weka vitu, kisha sokota mdomo na uukunje. Sweta na soksi za akiba zikae humo, usizivae wakati wa kupanda hata ukisikia baridi kidogo.

Mengine: lita 3 za maji, chapati, mayai ya kuchemsha, karanga, tochi, filimbi.

3. Lala Morogoro

Treni ya SGR inakufikisha kwa chini ya saa mbili. Nenda siku moja kabla, maana utahitaji kibali cha kuingia kwenye hifadhi ya msitu, ambayo iko chini ya TFS, wakala wa huduma za misitu Tanzania. Chukua na mwenyeji wa kukuongoza.

4. Hesabu kurudi nyuma

Hii ndiyo hatua ninayogombana nayo na wenzangu kila safari. Hesabu inaanzia kwenye giza. Ndani ya msitu, saa 12 jioni huoni vizuri unapokanyaga. Toa saa 4 za kushuka, toa saa 1 ya dharura: saa 7 mchana unageuka, popote ulipo. Iandike kwenye karatasi ukiwa bado mjini na mpe mtu nyumbani. Ukisubiri kuamua juu, kila mtu atasema "bado kidogo tu".

Ili saa 7 ikutoshe, anza kutembea saa 11 na nusu alfajiri. Mji wa Morogoro uko kama mita 500 kutoka usawa wa bahari. Bondwa inapita 2,000.

Mara ya kwanza tulianza saa 4. Juu ya Morningside, kituo kilicho njiani kwenda kileleni, tulikutana na bibi anashuka na mkungu wa ndizi kichwani, yeboyebo miguuni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Mnashuka?"

"Tunapanda."

"Saa hizi?" Akacheka, akaendelea na safari yake. Saa 8 tulikuwa ndani ya ukungu, mwenzangu hatua kumi mbele simuoni, tunaitana kwa majina.

5. Soma wingu

Upepo wa bahari, uleule wa Dar, unagonga Uluguru, unapanda, unapoa, unakuwa wingu. Mvua yake ndiyo inayolisha mto Ruvu, tunaokunywa maji yake Dar. Ndiyo maana asubuhi anga inaweza kuwa safi na mchana ukaloa. Masika, Machi hadi Mei, usiende kabisa.

Joto hupungua karibu nyuzi 6 kila mita 1,000. Ongeza upepo na nguo mbichi, unatetemeka. Vaa koti tone la kwanza linapoanguka.

Radi: hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, gawa kwa 3, unapata kilomita. Ukisikia ngurumo yoyote, toka kwenye mgongo wa mlima na ushuke. Kileleni pana minara ya mawasiliano. Usijikinge chini yake.

6. Kilele cha pili

Utaviona vinundu vingi vya kukudanganya kabla ya Bondwa yenyewe. Lupanga iko safu hiyohiyo na inavutia macho, lakini mara ya kwanza iachie siku yake.

7. Kushuka

Udongo mwekundu uliolowa ni sabuni. Hatua fupi, magoti yamekunjwa kidogo, mikono nje ya mifuko. Ukifika chini, jaza gazeti ndani ya viatu, ubadilishe baada ya saa moja. Usiviweke karibu na jiko. Gundi inaachia, na Jumatatu utarudi Dar na soli mkononi.